Hondohondo wa Uani kwa Mama

Fundi miwani alidhani ameshamwona mpenzi wake, Daktari, kwa kila hali. Alishamwona akicheka mpaka anashika mbavu, akinuna, akila huku amesimama, na akisinzia kwenye benchi la kliniki baada ya kushinda midomoni mwa watu tangu asubuhi. Miezi minane ya mapenzi si haba. Lakini hakuwahi kumwona akiwa ameshika msumeno wa mnyororo, ingawa msumeno huohuo ndio uliowakutanisha, siku alipoingia dukani kwake na kuomba miwani ya kinga yenye lenzi za macho yake.

"Daktari wa meno anataka miwani ya namna hii ya nini?" alimuuliza siku ile.

"Jumatatu hadi Ijumaa natoboa vitu vidogo," alijibiwa. "Jumamosi nachonga vitu vikubwa."

Tangu hapo akawa haishi kumwomba aende akamtazame akichonga, na Daktari akawa haishi kukataa. "Nikitazamwa na mtu ninayempenda, mkono unatetemeka," alimwambia. "Na huu si mswaki, Miwani. Ni mnyororo wenye meno."

Sasa siku hiyo ilikuwa imefika, na si kwa maombi ya fundi miwani. Ni kwa neno la mama yake.

Mama alikuwa amelikataa jambo la ndoa tangu mwezi wa kwanza. Hakukataa kwa makelele. Alikataa kwa kunyamaza, kwa kuondoka sebuleni kila jina la Daktari lilipotajwa. Mwisho wa yote, wiki tatu zilizopita, alitoa neno moja: "Mlete. Kile kisiki cha uani akichonge mbele yangu. Nikishaona nitasema langu, na nikishalisema sitaki tena kuulizwa." Naye Daktari alipopelekewa ujumbe alifikiri kidogo tu. "Nitakuja. Maana nyumba ambayo mwenyewe ananikimbia, mimi siwezi kuingia. Akikataa, Miwani, tutaachana tukiwa bado tunapendana. Afadhali hivyo."

Kwa hiyo Jumamosi ile fundi miwani alikuwa amesimama uani na roho mkononi.

Kisiki chenyewe kilikuwa cha mjakaranda. Mti ulikuwa umenyanyua sakafu ya jikoni kwa mizizi yake, ukakatwa mwaka uliopita. Wakataji walipofika chini kidogo ya paa Mama aliwapigia kelele, "Hapohapo! Msishuke zaidi!" wakaacha gogo limesimama, refu kuliko mtu, nene kuliko pipa. Hakuna aliyejua kwa nini.

"Mama, shikamoo," Daktari alisema akipita barazani na kofia yake ngumu kwapani.

"Marahaba." Mama alikuwa ameketi na ungo wa mchele mapajani, kiti amekigeuza upande. "Chonga unachotaka. Ila bundi usiniletee uani kwangu."

"Sitaleta bundi, Mama."

"Haya."

Mazungumzo yakaishia hapo. Shangazi, dada wa marehemu baba yake fundi miwani, ambaye hakualikwa lakini alikuwa amefika kabla ya wote, aliona afadhali aokoe jahazi. Akainama juu ya turubai ambalo Daktari alikuwa akipangia vifaa vyake, kimoja baada ya kingine, kwa mstari ulionyooka kama wa kwenye sinia la kliniki.

"Misumeno miwili ya nini, mwanangu? Mmoja hautoshi?"

"Huu mkubwa ni wa kuondoa mabonge, Shangazi. Huu mdogo, unaona bapa lake lilivyo jembamba, ndio wa kuchonga. Ncha yake inaingia hata kwenye jicho la ndege."

"Na hiyo tupa?"

"Ya kunolea meno ya mnyororo."

"Ala!" Shangazi alimgeukia Mama. "Wifi, umesikia? Huyu hata msumeno anautibu meno!"

Mama hakugeuka. Aliokota jiwe kwenye mchele akalitupa.

Daktari alivaa suruali nzito ya kinga, akafunga buti, akavuta glovu. Kisha akazungusha kamba kwenye vijiti, duara pana kuzunguka gogo, na aliposema safari hii alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani.

"Hakuna kupita kamba hii. Nikishafunika masikio sisikii kitu, hata nyumba ianguke. Anayetaka kunisimamisha asije nyuma yangu, wala asinishike. Akishtua mkono wangu, ameniua au nimemuua. Azunguke aje mbele, asimame mbali, ainue hiki." Akampa fundi miwani kitambaa chekundu. Kisha akamvuta kando kidogo.

"Ulimuuliza Mama?"

"Kuhusu nini?"

"Chuma. Nilikwambia Jumanne. Msumari, waya, chochote kilichowahi kupigiliwa kwenye mti huu. Nimepitisha sumaku kwenye gome, haijashika. Lakini mti ukikaa na chuma miaka mingi unakimeza, kinaingia ndani kabisa. Ulimuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Wiki nzima yeye na mama yake walikuwa wanasalimiana na kuombana chumvi, basi. Kila alipotaka kufungua mdomo kuhusu gogo aliliona lile jicho la Mama, akaufunga. Na sasa Daktari alikuwa anamtazama kwa macho yale makubwa, amejiandaa, na kuchelewesha kazi kwa ajili ya swali dogo kama hilo kulimtia aibu.

"Nilimuuliza," alisema. "Hakuna kitu."

"Vizuri." Akamgusa shavu kwa glovu, akashusha kioo cha kofia.

Msumeno mkubwa uliwaka kwa mvuto wa pili. Njiwa wote wa paa la jirani waliruka kwa pamoja. Shangazi alijiziba masikio akacheka, ingawa kicheko chake hakikusikika.

Fundi miwani alikuwa amejiandaa kuona nguvu. Kilichomshangaza ni upole. Daktari hakupigana na gogo. Alisimama miguu imeachana, kiuno kimetulia, akauweka msumeno kwenye mti na kuuacha uzito wake ufanye kazi, na bonge zima la mti likateleza likaanguka kama kipande cha mkate. Akazunguka. Akatazama. Akakata tena. Unga wa mti ulimwagika hewani, ukatua mabegani kwake, kwenye kofia, kwenye buti, na harufu ya mjakaranda mbichi wa ndani ikajaa uani mpaka mtu aliionja ulimini. Mara alizima, akakaa kimya mbele ya gogo na kichwa amekiinamisha upande, vile anavyoinamisha akiwa anasikiliza mgonjwa. Kisha akauchukua msumeno mdogo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kutisha kwa uzuri. Juu ya gogo kulitokea pembe, na chini ya ile pembe mdomo, mkubwa, umepinda, mrefu kama mkono wa mtu. Kisha shingo. Kisha bega la bawa.

"Hondohondo!" fundi miwani alisema peke yake, na akahisi machozi yanamjia, wala hakuona haya. Alikuwa amemsimulia Daktari mara moja tu, tena kwa kupita, kwamba hondohondo wawili walikuwa wakija kwenye mjakaranda kila asubuhi, na kwamba tangu mti ukatwe Mama bado hutoka uani saa ileile akatazama juu. Hadithi ya dakika moja. Kumbe ilikuwa imewekwa mahali.

Aligeuka kumtazama mama yake. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kuelekea gogo. Ungo ulikuwa mapajani lakini mikono imesimama.

Katikati ya mapumziko ya kujaza mafuta Mama alimwita. "Baba, niletee miwani yangu."

"Ipi, Mama?"

"Kwani ninayo mingapi? Ile uliyonitengenezea. Ipo kabatini, chini ya mashuka."

Miezi sita ilikuwa imelala humo bila kuvaliwa. Alipomvalisha, Mama alikunja uso, akakunjua, akatazama lile domo la ndege, manyoya yaliyochorwa kwa ncha ya msumeno mmoja mmoja, na yule mwanamke aliyejaa vumbi la mti kuanzia kope mpaka kisigino.

"Hata kope zake naziona," Mama alisema.

Msumeno uliwaka tena. Daktari alishuka sasa kwenye kifua cha ndege, upande wa kushoto, chini ya bawa. Alikuwa anazamisha ncha ya bapa taratibu ili kulitenga bawa na mwili. Fundi miwani alikuwa amezama kwenye ule mkono. Haukutetemeka. Alijiuliza kama maana yake ni kwamba hapendwi kiasi alichodhani, akajiona mpumbavu, akaendelea kutazama.

Hakusikia ungo ukianguka. Aliona mchele umetapakaa barazani na Mama amesimama.

"Mwambie aache!" Mama alikuwa anapiga kelele. "Mwambie aache, anakwenda palepale!"

"Palepale wapi?"

"Wewe mtoto, mwambie aache!"

Alijua. Kabla ya kuambiwa, alijua, na kujua kwenyewe kukamgandisha miguu. Alifungua mdomo amwite Daktari kwa jina, kana kwamba jina lingepenya injini. Mama hakumsubiri. Alimpokonya kitambaa mkononi, na yule mama wa miaka sitini na kitu, ambaye asubuhi nzima alijifanya hasikii masharti ya watu, hakupita kamba, hakwenda nyuma, hakumshika mtu. Alizunguka duara lote kwa nje, mbiombio, pekupeku, akasimama mbele kabisa, mbali kama alivyoagizwa, akainua kitambaa chekundu kwa mikono yote miwili juu ya kichwa.

Injini ikazimika.

"Kuna chuma," Mama alisema, anahema. "Unakokwenda. Kulabu. Vidole vinne ndani, labda vitano."

Daktari aliweka msumeno chini. Alichukua patasi nyembamba, akaingiza kwenye ule mfereji aliokuwa akiuchimba, akasukuma taratibu. Uani kulikuwa kimya kiasi kwamba wote wanne walisikia: *tik*. Akapima kwa kidole umbali uliokuwa umebaki. Pingili moja.

Akavua kofia. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso.

"Miwani," alisema. "Ulimuuliza?"

"Daktari, mimi..."

"Ulimuuliza au hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Ukaniambia umemuuliza."

"Niliona aibu. Tulikuwa hatuongei, mimi na Mama. Nilidhani..."

"Ncha ya bapa ikigonga chuma, msumeno unarudi usoni. Unarudi kabla hata hujafumba jicho!" Sauti ilimpanda. "Nimekuja hapa nimefunga kamba, nimevaa mavazi ya askari, nimenoa kila jino, nimeuliza swali moja. Moja! Kwa sababu naogopa. Na wewe unaniletea aibu yako. Ukimya wa mama yako unauogopa kuliko msumeno kunirudia usoni?"

Fundi miwani alikitazama kitambaa mkononi mwa Mama. Alisema "Nisamehe," na neno lilikuwa dogo sana mahali pale. Shangazi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikosa mzaha.

Ni Mama aliyesema. "Kumbe unaogopa?"

Daktari alimgeukia, akajifuta uso kwa mkono. "Kila ninapouwasha, Mama. Siku nitakayoacha kuogopa, nitauweka chini nisiushike tena."

Mama alikishusha kitambaa. Alikikunja mara mbili, mara nne, akakikunjua tena.

"Baba yake huyu hakuogopa kitu," alisema. "Pikipiki alikuwa anaipanda kana kwamba barabara wamemjengea yeye. Watu walimsifu. Na mimi nilimsifu, nikikaa nyuma nacheka. Nikabaki na huyu, hata kufunga kamba za viatu hajui." Akakikunja kitambaa tena. "Waliponiambia kuna binti anacheza na mashine inayokata miti, nikasema, jamani, mara ya pili siwezi. Nilidhani na wewe ni wa namna ileile. Kumbe mwenye kichwa kigumu ni huyu wa kwangu."

"Kwake nina maneno mengi, Mama," Daktari alisema. "Lakini si sasa. Hii kulabu ni ya nini?"

"Ya kamba ya nguo. Aliipigilia baba yake."

"Unataka niiache ndani, nichonge kwa kuizunguka? Au niitoe?"

Mama alifikiri. "Itoe niione."

Daktari aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalifungua begi dogo ambalo halikuwa la misumeno. Ndani kulikuwa na vipatasi vyembamba, koleo, brashi. Bila kumtazama fundi miwani alinyoosha mkono.

"Lete ile lenzi yako ya kukuzia. Na tochi. Umulike hapa, usitikise."

Fundi miwani alivileta, akaketi karibu naye, goti kwa goti, akamulika. Mama aliinama upande wa pili, miwani imeteleza puani, Shangazi akachungulia juu ya bega lake. Na wote watatu wakaiona ile kazi ambayo wagonjwa hawaioni kamwe kwa sababu wamefumba macho. Daktari alitoa mti chembe kwa chembe. Kuzunguka chuma mti ulikuwa umegeuka mweusi kama wino, na kila alipochimba weusi ulizidi, mpaka ukatokea mpindo wa kutu. Alipuliza. Akasafisha. Akaushika kwa koleo, akautikisa kidogo sana, kushoto, kulia, akitulia katikati.

"Usikaze," alisema taratibu, na haikujulikana anaiambia kulabu, mti, au moyo wa nani. "Usikaze, inakuja."

Ikaja. Nzima, haikukatika. Akaiweka katikati ya kiganja cha Mama.

"Siku tuliyorudi na huyu kutoka hospitali," Mama alisema, akiitazama. "Hata koti hajavua, akachukua nyundo. Anasema mtoto analowanisha nepi kuliko sisi tunavyofua, zitakauka wapi? Wakati wanakata mti niliwaambia wasishuke zaidi. Nilikuwa najua iko humu ndani. Sikutaka kumwambia mtu." Akafunga kiganja, akarudi barazani. Daktari akavaa kofia yake.

Jua lilipokuwa limehamia upande wa pili wa nyumba, kazi ilikwisha. Daktari alisugua manyoya kwa brashi ya waya, akapitisha moto wa tochi ya gesi juu ya mbawa mpaka zikawa kahawia iliyoiva, kifua akakiacha cheupe. Hondohondo alisimama uani, mkubwa kuliko wote waliopata kutua pale, domo limeinuliwa kidogo kuelekea dirisha la jikoni, kana kwamba anasubiri mtu atoke.

Mama alimzunguka mara ya kwanza, akamzunguka mara ya pili. Aligusa domo. Aligusa bawa, akatazama masizi kwenye vidole vyake. Daktari alikuwa amesimama na kofia mikononi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, na aibu yote ya kumpoteza mwanamke huyu kwa uongo wa maneno matatu ilimpanda fundi miwani kifuani. Alimsogelea.

"Sitakudanganya tena," alinong'ona. "Hata kwa kitu kidogo. Hata nikiona aibu ya kufa."

Daktari hakusogea pembeni, na baada ya muda kidole chake kidogo, kilichojaa vumbi, kilikigusa cha kwake.

"Hili shimo," Mama alisema akiwa bado amewapa mgongo. "Utalifanyaje?"

"Nitaliziba kwa kipande cha mti huuhuu, Mama. Halitaonekana."

"Liache." Mama aligeuka. Alifungua kiganja, na kulabu ilikuwa bado humo, imemwachia alama. "Irudishe. Si palepale, shuka chini kidogo, hapa chini ya bawa, nisihangaike kupanda kiti. Mgongo si ule wa zamani."

"Mama," fundi miwani alisema, "kamba ya nguo si tulishaihamishia kule ukutani?"

"Wewe nyamaza, leo umeshadanganya ya kutosha. Naongea na mwenzio." Akamtazama Daktari kupitia miwani, kwa muda mrefu, uso wote. "Ile ya ukutani imejaa nguo zangu. Nepi za wajukuu wangu nitazianika wapi?"

Shangazi alipiga kigelegele ambacho majirani walikisikia vizuri kuliko msumeno.

Daktari aliokota nyundo. Alielekea kwenye ndege, akainua mkono, akaushusha, akainua tena. Mkono ule, uliochonga kope za ndege kwa mnyororo bila kuyumba, ulikuwa unatikisika hata nyundo ndogo ikawa nzito. Fundi miwani aliuona, akakumbuka alichoambiwa siku za mwanzo kuhusu kutazamwa, na akaelewa kwamba safari hii anayetazama na kupendwa si yeye peke yake.

Mama naye aliuona. Akasogea, akaishika kulabu mwenyewe kwa vidole viwili, ikasimama wima juu ya mti, vidole vyake palepale nyundo itakapotua.

"Ogopa tu, mwanangu," alimwambia. "Halafu piga."